Jasiri, Pamba na ule uso wa majuto

DAUDI: Karibuni tena wapendwa. Kipindi tulichotangaza kimesogezwa mbele, mtatuwia radhi. Dada Rehema amekuja na daftari, ndani yake kuna mambo matano ya kumsaidia mtu ambaye mbwa wake amemdhuru mnyama mwingine wa humo humo nyumbani. Ila tusianze na daftari. Wengi wenu mnamjua Jasiri kwa kubweka kwake tukiwa tunarekodi.

REHEMA: Leo hamtamsikia. Yuko nyuma ya milango miwili.

DAUDI: Pole sana, dada.

REHEMA: Nimeshapoa. Jumanne jioni Jasiri alimng'ata Pamba. Pamba ni yule paka mzee wa juu ya kabati, mliwahi kumsikia akikoroma. Jasiri aliletwa kwangu angali mtoto, akamkuta Pamba ndiye mwenye nyumba. Wamekua chumba kimoja, wakinywa maji bakuli moja. Sasa siku hiyo Pamba akaruka kutoka kabatini, mfuniko wa sufuria ukaanguka nao, ukalia kweli kweli. Pamba akatimua mbio, Jasiri nyuma yake. Kisha nikasikia mlio ambao paka wangu hajawahi kuutoa. Nilipofika alikuwa kamshika mgongoni, anamtikisa.

DAUDI: Anamtikisa.

REHEMA: Kichwa kushoto, kulia, kushoto. Nikamtupia blanketi kichwani, likamfunika macho, akaachia. Na hili nalisema sasa hivi hata kama liko ukurasa wa pili wa daftari: usiingize mkono katikati. Mbwa akiwa katika hali ile hachagui anachouma, na paka aliyekamatwa naye anauma chochote kinachomkaribia. Dada yangu alimwinua Pamba kwa mikono mitupu, akaumwa kidole.

DAUDI: Mkampeleka hospitali?

REHEMA: Kwanza bomba. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu hospitali. Wanyama wote wawili wamechanjwa kichaa cha mbwa, ila daktari alitaka kuona kadi zao, na meno ya paka yanaingiza vijidudu ndani sana hata kama tundu ni dogo.

DAUDI: Na Pamba mwenyewe?

REHEMA: Hapo ndipo ningependa kila mtu asikilize. Ukimtazama hivi hivi, hakuwa na kitu. Manyoya ya mgongoni yameloa mate, yamesimama vishungi vishungi, na damu kidogo mno. Mtu angesema ameponea. Daktari wa mifugo akamnyoa pale, tukaona vitundu viwili, kila kimoja kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Akabonyeza ngozi kwa kidole, ikateleza peke yake juu ya nyama, kwa sababu kule chini ilikuwa imeshachanika na kuachana. Rangi ya zambarau kuanzia begani mpaka karibu na kiuno.

DAUDI: Kwa sababu ya ule mtikiso.

REHEMA: Ndiyo. Jino linaingia padogo, lakini ngozi inavutwa huku na huku, na taya zinaponda. Ndiyo maana alipigwa picha ya eksirei kuangalia mbavu na mapafu, akapewa antibiotiki na dawa ya maumivu, akawekewa kijimpira cha kutolea majimaji. Kwa hiyo mnyama wako akishikwa na mbwa, hata kama anatembea, hata kama ameenda kujilaza mahali pake pa siku zote, mpeleke siku ile ile. Paka huficha maumivu. Sungura ndiyo kabisa, anaweza kufa kwa mshtuko tu, jeraha lenyewe hulioni. Ukiona anahema mdomo wazi, au ufizi umekuwa mweupe, usisubiri hata kidogo.

DAUDI: Amerudi nyumbani?

REHEMA: Amerudi. Yuko chumbani kwangu, chini ya kitanda, anakula nikiwa nimelala sakafuni karibu naye. Haya, sasa jambo la kwanza kwenye daftari...

DAUDI: Kabla ya daftari. Jasiri alifanyaje baada ya kuachia?

REHEMA: Alijilaza. Masikio nyuma, mkia umeingia miguuni, macho anayapandisha na kuyashusha. Mwanangu akasema, "Mama, anajuta." Na mimi nikaona anajuta.

DAUDI: Hapana, dada.

REHEMA: Hapana nini?

DAUDI: Alikuwa anakusoma wewe. Kuna mtafiti anaitwa Alexandra Horowitz, wa Chuo cha Barnard huko New York, alilipima jambo hili na matokeo yakatoka mwaka 2009. Mwenye mbwa anamkataza mbwa wake kula kitafunwa, anatoka chumbani. Akirudi anaambiwa mbwa amekula au hakula, ila mara nyingine anaambiwa uongo. Ikaonekana ule uso wa hatia haufuati kosa, unafuata karipio. Na mbwa walioonyesha uso huo zaidi ni wale ambao hawakula kitu, kisha wakakaripiwa.

REHEMA: Nimewahi kulisoma hilo.

DAUDI: Basi.

REHEMA: Basi nini? Alipima uso. Hakupima moyo. Na mwenyewe alieleza kwamba jaribio lake halithibitishi kwamba mbwa hana hisia ya hatia. Linathibitisha kwamba sisi hatuwezi kuisoma usoni.

DAUDI: Sawa, lakini wewe umeisoma usoni, na juu ya hapo ndipo unataka kujenga.

REHEMA: Sikumkaripia Jasiri. Sikusema neno.

DAUDI: Ulipiga kelele, ulirusha blanketi, dada yako analia, kidole kinavuja damu. Mbwa ameishi na watu tangu zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kuna kaburi kule Bonn-Oberkassel, Ujerumani, mbwa amezikwa na watu wawili. Viumbe walioishi nasi muda wote huo wanatuona tukikasirika hata kabla hatujafungua mdomo. Jasiri aliogopa, ndivyo ninavyoamini. Na ninakuambia kwa kukupenda, maana mtu akiamini mbwa amejuta, ataamini pia hatarudia.

REHEMA: Mimi sijasema hatarudia.

DAUDI: Lakini ndiko tunakoelekea.

REHEMA: Siko huko. Nisikilize. Najua kilichotokea ni nini. Kuna wanabiolojia wawili, Raymond na Lorna Coppinger, walieleza uwindaji wa mbwa kama mnyororo: kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kushika, kuua. Binadamu tukaja tukachagua. Mbwa wa kuchunga kondoo tukamkuza aishie kwenye kukimbiza, asiume. Terrier, wa kuua panya, tukamwachia mpaka mwisho. Jasiri ni chotara, sijui amerithi pete zipi za mnyororo. Mfuniko ulilia, kitu kidogo chenye manyoya kikakimbia mbele yake, mnyororo ukaanza kuvutika. Hakumchukia Pamba. Asubuhi ile ile alikuwa anamlamba masikio.

DAUDI: Hapo hatupingani.

REHEMA: Lakini baada ya kuachia, alikwenda kwenye kikapu cha kubebea paka, kikiwa kitupu, akakinusa, akalala kando yake. Sikuwepo chumbani, mwanangu ndiye aliyemwona. Hapo alikuwa anasoma uso wa nani?

DAUDI: Kikapu kina harufu ya Pamba aliyetishika. Mbwa yeyote angekinusa.

REHEMA: Na kulala pale usiku kucha?

DAUDI: Sijui kwa nini alilala pale.

REHEMA: Ndiyo ninachotaka kusikia. Hujui, na mimi sijui. Wewe unachagua woga, mimi nachagua kwamba kuna kitu. Na ninalo la kusema kwa mtu aliye kwenye hali hii: usiku wa kwanza ulimpenda mbwa wako na ukamwogopa kwa wakati mmoja. Humtaki karibu, na bado unaenda kumwangalia kama ana maji. Usijione umepotoka. Wala usimpige. Kumpiga saa moja baadaye hakumfundishi kuhusu paka, kunamfundisha kuhusu wewe.

DAUDI: Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Sasa nikuulize lile ambalo wasikilizaji wanajiuliza. Jasiri anabaki?

REHEMA: Anabaki.

DAUDI: Mimi ningemhamisha.

REHEMA: Najua.

DAUDI: Niruhusu niseme sababu, maana si kwamba simpendi Jasiri. Pamba hana pa kwenda. Mbwa akikaa nyuma ya mlango, paka bado anamsikia anavyokwaruza sakafu, bado anamnusa. Paka mwenye hofu ya kudumu huacha kula, na paka asipokula siku chache tu, mafuta yanajaa kwenye ini, anakufa kwa hilo wakati majeraha yameshafunga. Wengine njia ya mkojo inaziba. Paka mzee, tena! Aliyeumizwa ndiye mwenye haki ya kwanza na nyumba.

REHEMA: Anakula, Daudi.

DAUDI: Anakula ukiwa umelala naye sakafuni.

REHEMA: Nitalala sakafuni basi. Utaratibu umeshaanza. Pamba ana chumba chake, sanduku lake la choo, dirisha lake, kabati la kupanda. Jasiri ana upande wake. Kati yao mlango na geti, ili mmoja ukisahaulika wazi, wa pili uwepo. Tunabadilishana zamu, akitoka huyu anaingia yule, hawaonani. Jasiri anafundishwa kuvaa kifunga mdomo kile cha nyavu kinachomwacha ahemee na anywe maji, polepole, kwa kumpa zawadi. Na tutamwita mtaalamu wa tabia za wanyama kabla ya kufikiria kuwakutanisha.

DAUDI: Na mtaalamu akisema wasikutane kamwe?

REHEMA: Wasikutane kamwe. Wataishi nyumba moja bila kuonana.

DAUDI: Miaka?

REHEMA: Miaka.

DAUDI: Kila mgeni, kila mtoto anayefungua mlango bila kuangalia, kila fundi anayeingia. Dada, milango inafunguliwa na watu, na watu huchoka. Siku moja tu inatosha. Paka hataponea mara ya pili.

REHEMA: Na ukimhamisha, unampeleka wapi? Kwa mtu mwenye paka? Mwenye sungura? Mwenye mtoto anayetambaa? Ukweli wote lazima umwambie anayempokea, na ukimwambia ukweli wote, wangapi watampokea?

DAUDI: Yupo mtu asiye na mnyama mwingine. Inachukua muda, ila yupo.

REHEMA: Umri wake wote Jasiri amenijua mimi. Sitamtoa nje kwa sababu ya sekunde kumi.

DAUDI: Na mimi nasema sekunde kumi ndizo zilizokuonyesha ni nani anayelala sebuleni.

(Kimya.)

REHEMA: Hiyo imeniuma.

DAUDI: Pole. Lakini siiondoi.

REHEMA: Usiiondoe. Mimi pia siondoi yangu. Ungemwona amelala kando ya kile kikapu...

DAUDI: Tumerudi kwenye kikapu.

REHEMA: Tumerudi, kwa sababu hujanijibu. Mnyama anayeogopa tu hukimbilia mbali na mahali palipomtisha. Huyu alisogea.

DAUDI: Mbwa anayeogopa anaweza pia kusogea karibu na harufu anayoijua, imtulize. Pamba ni harufu aliyokua nayo.

REHEMA: Kwa hiyo Pamba humtuliza. Umesema mwenyewe.

DAUDI: Harufu yake humtuliza. Na Pamba mwenyewe akikimbia, humwamsha. Yote mawili yanakaa ndani ya mbwa mmoja, ndiyo maana nina hofu.

REHEMA: Ndiyo maana mimi nina tumaini.

DAUDI: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili. Na daftari hatujalifungua.

REHEMA: Mambo matano yote! Nilikuwa na la watoto, waambiwe nini. Nilikuwa na la kumzika mnyama, kwa wale ambao wa kwao hakupona. Nilikuwa na la ndugu wanaogawanyika, huyu anamtetea mbwa, yule hataki kumwona.

DAUDI: Hilo la mwisho wamelisikia.

REHEMA: La watoto naomba niliseme kwa sentensi moja. Waambieni ukweli, kwa maneno madogo, kwamba mbwa ndiye aliyefanya. Mtoto asipoambiwa atafungua ule mlango.

DAUDI: Sawa sawa. Hayo mengine yatakuja kipindi kijacho, kama Rehema atakubali tusianze na Jasiri.

REHEMA: Tutaanza na Pamba. Siku hiyo atakuwa ameshatolewa kijimpira. Na Jasiri atakuwa bado yupo nyumbani.

DAUDI: Mimi bado nasema ahame.

REHEMA: Nimekusikia. Habanduki. Wapendwa, asanteni kwa kutusikiliza.