Uzito wa rifu unaanzia kiganjani

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, karibuni.

Leo tunajifunza rifu za gitaa la metali, yaani vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa katika roki nzito. Kabla sijachomeka waya, tuanze na kitu cha hapahapa Dodoma. Ilimba ya Kigogo mnaifahamu. Sanduku lake lina tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui. Ukibonyeza vile vyuma, utando unatetema, sauti inatoka na mkwaruzo. Mzee wetu Hukwe Zawose alizunguka nayo nchi nyingi. Kwa hiyo mkwaruzo si jambo geni masikioni mwetu, na disitosheni ya gitaa, yaani sauti inayokwaruzwa makusudi, msiiogope.

Sasa twende Birmingham, Uingereza, mwaka 1965. Mpiga gitaa Tony Iommi, kijana wa miaka 17, anakatwa na mashine kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Anapiga kwa mashoto, hivyo huo ndio mkono wake wa kubonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye, akiwa na bendi yake ya metali, Black Sabbath, akazilegeza ili zibonyezeke kirahisi. Ndiyo maana sauti yao ilishuka chini vile. Mimi habari hii huwa inanigusa kila ninapoisimulia.

Kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, anayoitegemea mpigaji wa metali ina noti mbili tu. Uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ukiwa wazi hutoa noti ya E, unatetema kama mara 82 kwa sekunde. B iliyo juu yake, mara 123. Zikipita pamoja kwenye disitosheni zinazaa mtetemo wa 41, yaani E nyingine, oktavu nzima chini, ambayo gitaa lenyewe halina. Ukiongeza noti ya tatu, michanganyiko inakuwa mingi na inagombana. Unapata tope.

Pedali yangu ya kwanza, kile kifaa cha kukanyaga kinachotoa disitosheni, niliinunua kwa akiba ya miezi mingi. Nikafungua gaini, yaani kiasi cha mkwaruzo, mpaka mwisho, nikakata sauti za kati zote. Chumbani ilikuwa raha tupu! Siku ya mazoezi, ngoma na besi zilipoingia, gitaa langu halikusikika kabisa. Nikabadilisha pedali, hali ileile. Kumbe zile sauti za kati nilizokata ndizo makazi ya gitaa. Zirudisheni, gaini ishusheni hadi nusu. Wapo wanaotanguliza pedali ya Ibanez Tube Screamer mbele ya amplifaya, gaini yake ikiwa karibu na sifuri, kwa kuwa inapunguza besi na rifu inatoka imekaza.

Lakini kiganja hakinunuliwi dukani. Laza ubavu wa kiganja cha mkono wa piki, yaani kibao kidogo cha kupigia nyuzi, pale nyuzi zinapoishia kwenye daraja. Ukisogea mbele kidogo tu, uzi unakufa, unasikia kishindo bila noti. Ukirudi nyuma, unalia wazi. Katikati kuna mahali pembamba ambapo uzi unasema "jug, jug" na noti bado inasikika. Patafuteni kwa mapigo 70 kwa dakika, piki ikishuka chini tu, na msiongeze kasi mpaka mapigo yote yalingane.

Naomba feni izimwe kidogo. Pedali bado sijaiwasha. Hii ni gitaa kavu. Sikilizeni mkono kwanza.