Acheni Kupuliza Kaseti

Ndugu zangu, nimeshalisema hili hadi sauti imekauka: acheni kupuliza kaseti. Kaseti ya gemu ya Nintendo haiponi kwa pumzi. Mashine yake iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985 inaingiza kaseti kwa mbele, kisha unaibonyeza chini, na huko ndani pini 72 zinaibana. Pini hizo hulegea. Zikilegea, chipu ya ulinzi iliyo kwenye mashine, ile ya kuzuia kaseti zisizo halali, haimsikii mwenzake wa kwenye kaseti, basi inaianzisha mashine upya karibu kila sekunde. Ndiyo ile taa nyekundu inayopepesa. Unachomoa, unapuliza, unarudisha, gemu linawaka, unashukuru mapafu yako! Kilichosaidia ni kuchomoa na kurudisha: pini zimegusa mahali pengine. Unyevu ulioacha unabaki humo ukila shaba taratibu.

Najua kuna anayejiandaa kuniuliza, mbona zile mashine za kuiga tulizozizoea huku hazikupepesa? Kwa sababu ziliiga Famicom, mashine ya Nintendo ya kule Japani: pini 60, kaseti inazama kwa juu, chipu ya ulinzi haimo. Uchafu ulikuwa uleule, ila kwenye hizo ulikuletea vipande vya rangi vilivyovurugika kwenye skrini.

Safisha hivi. Kaseti ya Nintendo ifungue kwa bisibisi yake ya milimita 3.8, ukitumia kisu utaharibu skrubu, kisha utalaumu fundi. Chovya pamba ya masikio kwenye alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu, maana ile ya kusafishia vidonda mara nyingi ina maji mengi. Sugua meno ya bodi, yale yanayobanwa na pini, kwa urefu, pande zote mbili, ukibadilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Msasa usiuguse: juu ya shaba kuna utando mwembamba wa dhahabu, ukiukwangua umeialika kutu.

Halafu betri. Kaseti ya gemu la kwanza la Zelda hutunza ulipofikia kwa betri bapa ya CR2032 ya volti 3. Ikifa, gemu linacheza vizuri tu, ila ukizima, kesho unaanza moja. Nunua betri iliyokwisha kuunganishwa vibati vyake kiwandani, uvilehemu hivyo vibati kwenye bodi. Ukilehemu juu ya betri yenyewe, joto linaweza kuipasua usoni mwako.

Sisemi ya zamani hayakuwa na kasoro. Kwenye gemu la Pac-Man, ukifika raundi ya 256 nusu ya skrini inageuka takataka, kwa kuwa hesabu ya raundi iliwekewa nafasi ya mwisho 255. Ninachosema ni kwamba gemu zima ulikuwa umelishika mkononi, likiugua unalifungua. Sasa chukua The Crew, gemu la magari la mwaka 2014 lisilochezeka bila intaneti. Seva zake, kompyuta za kampuni zilizoliendesha, zilizimwa Machi 31, 2024. Diski unayo, inang'aa, na hata kucheza peke yako huwezi. Utasugua nini hapo?

Nilitaka kueleza bunduki ya Duck Hunt, gemu la Nintendo la kuwinda bata, muda umeniishia. Kwa kifupi: televisheni bapa inachelewesha picha, bunduki inatafuta mwanga ambao bado haujafika, bata anaenda zake. Tafuta televisheni ya kichogo. Mwenye kaseti asogee hapa mbele, bisibisi ninayo.