Shule ya mtaani Bronx iliyowatoa Stan Lee na James Baldwin: twendeni tukaione

Haya wadau, mambo vipi! Wazazi mnaonifuatilia, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Huo mngurumo mnaousikia si radi, ni treni namba 4, inapita juu kwa juu pale Jerome Avenue. Ikija tena nitanyamaza kidogo, tusigombane nayo.

Leo nipo kaskazini mwa Bronx, New York. Nimeshukia kituo cha Mosholu Parkway, nimetembea dakika chache tu, na jengo hili la matofali mnaloliona nyuma yangu ni DeWitt Clinton High School. Ni shule ya serikali. Haina ada, haina bweni. Na niseme mapema, watoto wa watu siwapigi video. Wakianza kutoka nitageuzia kamera kwenye miti, mtanisamehe.

Kwa nini nimewaleta hapa? Kila nikipigiwa simu na mzazi huko nyumbani ambaye mtoto wake anakuja kuungana na baba au shangazi huku, maswali ni mawili. Shule gani nzuri? Na nani kasoma hapo? Ndivyo tulivyozoea. Ukitaja Tabora Boys, kabla hujamaliza mtu keshakutajia Mwalimu Nyerere, mjadala umefungwa. Sasa leo nitawapa orodha ya waliosoma hapa, tena orodha ya kutisha, halafu nitawaambia kwa nini msiiamini sana.

Shule ilianza mwaka 1897 kule Manhattan. Jina ni la DeWitt Clinton, gavana wa New York aliyesimamia kuchimbwa kwa mfereji wa Erie uliofunguliwa 1825. Mpaka leo timu zao za michezo zinaitwa Governors, yaani Magavana. Hapa Bronx wamehamia 1929, na miaka ya 1930 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 10,000 ukijumlisha na wa matawi. Elfu kumi! Shule moja! Ilikuwa ikisifiwa kuwa sekondari kubwa kuliko zote duniani. Na wote wavulana. Wasichana wameanza kupokelewa 1983, kwa hiyo akina mama msinilaumu mkiona orodha yangu imejaa ndevu.

Tuanze na anayejulikana na kila mtoto mwenye simu. Stan Lee, yule mzee wa Marvel, mmoja wa waliomuumba Spider-Man. Enzi hizo aliitwa Stanley Lieber, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Romania, baba hana kazi ya kudumu. Kamaliza hapa 1939. Kuna kisa mwenyewe alipenda kukisimulia: fundi rangi aliacha ngazi yake kwenye chumba cha jarida la shule, dogo akapanda, akaandika kwenye dari kwamba Stan Lee ni Mungu. Huyo hata hajaanza kazi!

Batman je? Bob Kane kasoma hapa. Na Bill Finger, aliyebuni naye Batman, kasoma hapa pia. Will Eisner, bingwa mwingine wa hadithi za michoro, hapa hapa. Unaweza kudhani kulikuwa na mwalimu mmoja mchawi wa kuchora. Hapana. Hawa walikuwa vijana wa Kiyahudi kwenye miaka ya njaa, wakati kampuni nyingi za matangazo na majarida ya heshima yalikuwa hayawataki Wayahudi. Vitabu vya katuni vilionekana kazi ya hovyo, basi mlango wake ulikuwa wazi. Wakaingia huko.

Sasa sikilizeni habari ya James Baldwin, maana huyu ndiye aliyenifanya nipande treni kuja hapa. Kijana mweusi wa Harlem, mtaa wa watu weusi kule Manhattan, kazaliwa 1924, nyumba imejaa wadogo zake, baba wa kambo mhubiri mkali. Shule ya kati alisoma Harlem, na mmoja wa walimu wake alikuwa Countee Cullen, mshairi mkubwa wa watu weusi, akifundisha Kifaransa. Cullen mwenyewe alikuwa zao la Clinton. Akamwambia kijana, omba nafasi pale. Basi Baldwin akawa anatoka Harlem na treni mpaka huku, darasani na watoto wa Kiyahudi, na jioni anarudi kuhubiri. Ndiyo, alikuwa anahubiri kanisani tangu ana miaka 14!

Na hapa shuleni kulikuwa na jarida la wanafunzi, linaitwa The Magpie. Hebu nisogeze kamera. Huko juu mnarani ndiko walikokuwa wakikutana kulitengeneza. Kwenye meza hiyo moja alikaa Baldwin, na alikaa Richard Avedon, kijana ambaye baba yake aliwahi kuwa na duka la nguo Fifth Avenue. Mmoja akaja kuwa mwandishi ambaye Marekani mpaka leo haijamaliza kumjibu, mwingine akawa mpiga picha mashuhuri kupindukia. Mwaka 1964 wakatoa kitabu pamoja, picha za Avedon, maneno ya Baldwin. Urafiki wa meza ya jarida la shule, jamani. Sisi tulikuwa na ubao wa matangazo na mashairi ya kumsifu mkuu wa shule.

Wengine nawapitia haraka haraka. Burt Lancaster wa sinema. Neil Simon wa tamthilia. Ralph Lauren, huyo wa mashati yenye farasi kifuani, kamaliza 1957. Wazazi wake wahamiaji, baba alikuwa fundi rangi, na kwenye kitabu cha kumaliza shule, palipoulizwa anataka kuwa nani, aliandika milionea. Hakutaka maneno mengi. Wapenzi wa mpira wa kikapu, Nate Archibald, yule mfupi waliyemwita Tiny. Msimu wa 1972–73 aliongoza NBA kwa wastani wa pointi na wa pasi za kufunga, vyote viwili kwa mpigo.

Haya, orodha hiyo. Mzazi hapo ameshakunja mkono, anasema mwanangu anakwenda Clinton, liwalo na liwe. Subiri.

Kwanza, shule yenye watoto elfu kumi lazima itoe watu. Orodha haikuambii habari za maelfu waliobaki, waliokwenda kuendesha mabasi, kufungua maduka, kupigana vita. Pili, hata waliomo kwenye orodha hawakupata sawa. Rudi kwa Bill Finger. Batman ilitoka 1939, na kwa miaka na miaka jina lililoandikwa kama mbunifu lilikuwa la Bob Kane peke yake. Finger amekufa 1974 bila fedha, na jina lake limeanza kutajwa rasmi 2015. Wote wawili watoto wa shule hii hii! Tatu, kuna walioondoka bila cheti. Charles Rangel aliacha shule hapa, akaenda vita vya Korea, aliporudi ndipo akamalizia sekondari, na baadaye akakaa bungeni Washington tangu 1971 mpaka 2017. Mchekeshaji Tracy Morgan naye aliacha, amuuguze baba yake. Shule inajivunia wote, na mimi siilaumu, lakini mzazi uwe unajua unachosoma.

Sasa nigeuke upande wa pili. Hatua chache tu kutoka hapa kuna shule nyingine ya serikali, Bronx High School of Science. Hii wanaingia kwa mtihani. Fikiria Ilboru au Kibaha, shule za vipaji maalumu. Waliosoma hapo wametoa washindi 9 wa tuzo ya Nobel, 7 wa fizikia. Wawili kati yao, Sheldon Glashow na Steven Weinberg, walikuwa darasa moja, wakamaliza 1950 na wakashinda Nobel mwaka mmoja, 1979. Na yule Stokely Carmichael, mpigania haki za watu weusi Marekani, aliyehamia Guinea akajiita Kwame Ture kwa heshima ya Nkrumah na Sékou Touré, yule aliyekuwa mume wa Miriam Makeba? Kamaliza hapo 1960.

Mnaona tofauti? Kule wanachuja kwanza, halafu wanajisifu. Hapa Clinton walikuwa wanapokea vijana bila kuwachuja kwa mtihani. Kwa maoni yangu, Baldwin mmoja aliyetoka kwenye mlango ulio wazi ana uzito wake. Mtanibishia, sawa.

Lakini Clinton ya leo siyo ile. Meya Michael Bloomberg alipoingia, jiji lilianza kuzivunja sekondari kubwa na kuzigawa ziwe ndogo ndogo. Huku Bronx zilivunjwa nyingi, na watoto waliokosa nafasi kwenye hizo ndogo wakasukumiwa kwenye kubwa chache zilizobaki, Clinton ikiwemo. Mzigo ukaielemea. Ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 4,000, matokeo yakashuka, na mwaka 2013 ikaamuliwa shule mbili mpya ziingie humu humu ndani ya jengo. Leo Clinton yenyewe haifikishi 2,000. Ukisimama hapa saa za kutoka utasikia Kihispania cha Dominika, Kibengali, Kitwi cha Ghana. Watoto wa wabeba boksi kama sisi.

Kwa hiyo mama, baba, unayemleta mtoto, acha kuniuliza nani kasoma hapo. Uliza mambo haya. Mtoto asiyejua Kiingereza vizuri anasaidiwa vipi, na ana walimu wangapi wa kumsaidia? Wangapi wanafaulu Regents, ile mitihani ya jimbo? Safari ni treni ngapi? Wangapi wanamaliza kwa miaka minne?

Na lingine ambalo watu wengi hawaambiwi. Mtoto akifika New York ana miaka 17, 18, ana kidato cha nne cha Bongo mkononi lakini hana diploma ya sekondari ya huku, msimpeleke moja kwa moja kazini. Ana haki ya kusoma bure mpaka mwisho wa mwaka wa shule anaotimiza miaka 21. Shule haipaswi kumwuliza hali yake ya uhamiaji. Chukua cheti cha kuzaliwa au pasipoti, kadi ya chanjo, uthibitisho wa mnapoishi, na ripoti zake za shule kama zipo, mwende kwenye Family Welcome Center. Kwa Bronx, mojawapo ipo Fordham Plaza. Hapo wanampangia shule. Chakula cha mchana ni bure kwa wote, na kadi ya usafiri anapewa na shule.

Haya, naona milango inafunguliwa, watoto wanatoka. Nazima kamera. Anayetaka nimtajie nyaraka moja moja, video ijayo nitakuwa Fordham Plaza kwenyewe.