Kiti cha mtoto kwenye Morris ya babu: tumeanza na bati

Assalaam alaykum wapenzi wangu, wa Unguja na wa Pemba, na nyinyi wenzangu mlioko huko kwenye baridi. Leo siko Coventry, nipo nyumbani Bububu, nimekuja likizo, na hii mnayoiona nyuma yangu chini ya mwembe ndo Morris Minor ya babu, ya mwaka 1962, milango minne. Babu yupo hapo barazani anakunywa kahawa, kasema asirekodiwe, basi tunamheshimu.

Nataka kuzungumza kuhusu kiti cha mtoto kwenye gari za zamani kama hii, mana jambo limenikuta mwenyewe.

Wiki ya kwanza tulipofika tulikuwa tunatoka mjini, babu anaendesha, mke wangu kakaa mbele kampakata binti yetu, bado miezi miwili atimize miaka miwili, mimi nipo nyuma na mifuko ya sokoni. Tulipofika Mtoni akakatiza mbuzi, babu akakanyaga breki, na wallahi spidi yenyewe haifiki 40. Mbuzi kapita salama. Mimi kule nyuma nilichosikia ni kichwa cha mwanangu kwenye dashibodi, ko! Na dashibodi ya Morris ni bati tupu, haina sponji wala nini. Mamake alikuwa kamkumbatia kwa mikono yote miwili, hakuwa na simu, hakusinzia, kamshika kweli kweli, na bado mtoto kamchomoka. Nundu ikatoka hapa kwenye paji la uso kama kungumanga. Tukampeleka akaangaliwa, alhamdulillah hana kitu, lakini mimi usiku ule sikulala.

Sasa sikilizeni, mana najua wengi watasema mtoto anapakatwa tu, sisi sote tumekuzwa hivyo. Binti yangu ana kilo 12. Gari ikienda spidi 50 ikagonga kitu, ikasimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, yule mtoto wa kilo 12 anakwenda mbele kwa nguvu kama mzigo wa kilo 170, yani mifuko mitatu ya saruji na zaidi. Nani hapa anaweza kuzuia mifuko mitatu ya saruji iliyomjia kwa ghafla? Hata mbeba mizigo wa bandarini hawezi. Mama hana kosa lolote, mikono ya binadamu ndo haiwezi.

Enhe, kiti tulikuja nacho kutoka Uingereza, kizuri, tumekilipia pesa nyingi. Nikakitoa nikakiweka siti ya nyuma ya Morris, nikakikodolea macho. Kile kiti ni cha ISOFIX, kina vyuma viwili chini vinavyong'ata pete zilizochomelewa kwenye bodi ya gari tangu kiwandani, na hizo pete zimekuja na utaratibu uliotoka mwaka 1999. Gari ya 1962 itazipata wapi? Na mkanda pia haina, hata mmoja. Mkanda wa pointi tatu tunaoujua sote aliutengeneza Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, kwa hiyo babu anaitoa gari yake dukani mkanda upo duniani, lakini kwenye Morris yake haujafika.

Jirani yetu, kwa nia njema kabisa, kaja na mpira, ule wa kufungia mizigo nyuma ya baiskeli, kanambia kaza na huu hakitoki. Nikamshukuru, nikamwambia hapana kaka. Mpira unavutika, na kiti kisichoshikwa na bodi ya gari kinaruka pamoja na mtoto, na ndo kinakuwa kizito zaidi. Huko ninakoishi Uingereza sheria yao ni kwamba gari iliyotengenezwa bila mikanda mtoto wa chini ya miaka 3 hapandi kabisa, na aliyezidi miaka 3 anakaa siti za nyuma tu. Mwanzo niliiona kali, sasa naielewa.

Kwa hiyo kazi ikawa ni mikanda, na mikanda maana yake ni kutoboa gari. Hapo ndo palikuwa pagumu jamani. Hii gari babu anaifuta kila alfajiri akitoka msikitini, hajawahi kumpa mtu ufunguo, mimi mjukuu wake mkubwa sijawahi kuiendesha hata mpaka dukani. Nikakaa chini pale barazani, nikamwambia babu, naomba ruhusa nitoboe matundu sita nyuma. Akanyamaza. Akasokota kofia yake mkononi, kisha akauliza, "Yule mtoto nundu yake imeshuka?" Nikamwambia imeshuka babu. Akasema, "Basi muite fundi, lakini mimi nitakuwepo." Na kweli alikuwepo, siku mbili nzima kashika tochi, anammulikia fundi.

Fundi tulimtoa Amani, ni mtu wa bodi na kuchomelea, mtaratibu sana. Jambo la kwanza alilofanya kanyanyua siti ya nyuma, akachukua bisibisi akawa anachoma choma sakafu. Upande wa kulia bisibisi inagonga chuma, ti ti ti. Upande wa kushoto ikazama kama kwenye biskuti iliyolowa chai. Juu rangi nzuri, chini kutu imekula, si mnajua chumvi ya hapa kwetu. Fikirieni tungefunga bolti pale, siku ya siku linatoka bati zima na mkanda wake.

Akalikata lile bovu lote, lakini kabla hajawasha moto kafungua betri na kashusha tangi la mafuta, mana la Morris lipo chini ya buti, hapo hapo karibu. Fundi yeyote anayetaka kuchomelea nyuma bila kushusha tangi muondoeni. Kisha kaweka bati jipya, na kila penye bolti kachomelea kwa chini pleti nene ya milimita 3, ili nguvu isambae, bolti isipasue bati. Bolti zenyewe ni zile ngumu za inchi 7/16 zinazokuja na mkanda, shemeji yangu kaniletea. Fundi alikuwa na za kwake kwenye kopo, tukakataa, hizo za kopo hatujui zimetoka wapi.

Na lile boksi linalokunja mkanda lina kipimo chake, likikaa kombo linajifunga lenyewe au linachelewa kushika, sisi tulilifungua tukalifunga mara tatu. Urefu wa mkanda nao pimeni kwa kamba kabla hamjaagiza, kiti kinachotazama nyuma kinakula mkanda mrefu sana.

Kiti cha ISOFIX nimekiweka stoo, tumepata kingine cha kufunga kwa mkanda. Njia ya mkanda imechorwa pembeni, buluu kiti kikitazama nyuma, nyekundu kikitazama mbele. Wetu bado anatazama nyuma, kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake changa, gari ikigonga mbele mgongo wa kiti unaupokea mwili wake wote kwa pamoja. Nikaweka goti ndani ya kiti, nikauvuta mkanda mpaka mkono ukauma, halafu nikakitikisa pale pale unapopita mkanda, kisisogee zaidi ya sentimita 2 na nusu. Chetu hakisogei hata moja. Mikanda ya mtoto mwenyewe nayo, ukijaribu kuifinya begani isikunjike kati ya vidole.

Na nyinyi mnaowaletea ndugu viti vya mtumba kwenye kontena, kiti kilichowahi kuwemo kwenye ajali msikilete, hata kama kwa macho hakina ufa. Najua wengi mtoto anapanda daladala na huko hakuna mkanda, hilo nalo linaniuma, nitalizungumza siku yake peke yake.

Bado bolti moja ya juu kushoto sijaridhika nayo, fundi anakuja leo alasiri kuikagua, na mpaka aikague mtoto haingii humu. Kama kuna mtu Chake au Wete ana Morris au Peugeot ya zamani na kafunga mikanda nyuma, naomba anitumie picha za chini ya siti, nione kawekaje pleti. Haya, babu ananiita, nazima.