Jinsi ya Kubuni na Kuuza Paterni Yako ya Kufuma: Tunaanza na Kofia ya Marvin

Karibuni, wafumaji wenzangu. Leo sindano zipo mezani, lakini vitakavyofanya kazi zaidi ni daftari, kalkuleta na rula. Tunajifunza kuuza paterni, yaani maelezo ya kufuma, badala ya kuuza kofia au sweta yenyewe.

Sweta ukishaiuza imekwenda, na ukitaka pesa nyingine lazima ukae chini ufume nyingine. Paterni unaiandika mara moja, kisha mtu wa Kayole, wa Eldoret na wa Norway wanaweza kuinunua siku moja. Ila kumbuka jambo hili tangu mwanzo: mnunuzi wa paterni hanunui kofia. Ananunua ahadi yako kwamba akikaa peke yake usiku, bila namba yako ya simu, akafuata ulichoandika, atapata kofia kama hii niliyoshika. Yote nitakayowaonyesha ni ya kutimiza ahadi hiyo.

Kwa nini marvin, kofia hii ya kufuma inayobana kichwa? Kwa sababu mwezi wa Julai hapa Nairobi kila mtu anaitafuta. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai mnazijua. Pia ni kazi ndogo inayotumia uzi kidogo, na ukikosea hesabu hujapoteza mwezi mzima.

Hatua ya kwanza ni wazo, na wazo liwe lako. Kuchukua paterni ya mtu mwingine ukabadilisha rangi si kubuni. Toka nje utazame. Mimi nilikwenda soko la Kariokor nikasimama mbele ya vyondo. Chukua kiondo ukigeuze, uangalie kitako chake. Kinaanzia katikati, pale nyuzi za mkonge zinapokutana, kisha kinazunguka na kupanuka, kinafika upana wake, ndipo kinapanda wima. Sasa tazama hii marvin. Nayo imeanzia utosini, ikapanuka, kisha ikashuka wima hadi kwenye ukingo. Kwa hiyo sikuchukua mistari ya rangi tu. Nilichukua namna kiondo kinavyojengwa. Wazo likikupa umbo na rangi kwa pamoja, kazi yote inayofuata huwa na mwelekeo.

Na ukichukua kutoka kwenye kazi ya jamii fulani, sema. Kwenye ukurasa wa kwanza wa paterni yangu nimeandika kwamba wazo limetokana na vyondo vya akina mama wa Kikuyu na Kikamba. Ni haki yao, na mnunuzi aliye mbali anapenda kujua.

Hatua ya pili ni kipande cha majaribio. Tafadhali msikiruke. Nasogeza kamera. Fuma kipande chenye upana wa sentimita 15 hivi, kwa uzi ule ule na sindano zile zile. Kofia itafumwa kwa mzunguko, kwa hiyo kipande nacho kifumwe kwa mzunguko, maana mikono ya wengi hukaza tofauti wanapofuma kwenda na kurudi. Kioshe, kikamue kwa taulo, kilaze kikauke. Kwa baridi ya sasa hivi huenda kikachukua siku mbili, kiache. Kikishakauka, weka rula katikati, mbali na kingo, uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Hapa nina vitanzi 22. Sasa rula iwe wima: raundi 30.

Kwa nini nang'ang'ania hili? Kofia yetu itakuwa na vitanzi 112. Kwa vitanzi 22 kila sentimita 10, mzunguko wake ni karibu sentimita 51. Mfumaji mwenye mkono mlegevu akipata vitanzi 20, vitanzi hivyo hivyo 112 vinampa sentimita 56. Tofauti ya vitanzi viwili imezaa sentimita tano, na kofia inamfunika macho. Basi kipimo chako, yaani vitanzi na raundi ndani ya sentimita 10, kiandike juu kabisa, karibu na jina la paterni, na useme kimepimwa baada ya kuoshwa.

Hatua ya tatu, hesabu. Chukua kalamu. Kichwa cha watu wazima wengi ni karibu sentimita 56. Kofia lazima ivutike kidogo ili ikae, kwa hiyo toa sentimita 5: zimebaki 51. Zidisha 51 kwa 2.2, maana hivyo ndivyo vitanzi kwa kila sentimita. Jibu ni 112.2, tunachukua 112.

Sasa angalia uzuri wa namba hii. 112 inagawanyika kwa 8. Utosini tunaanza na vitanzi 8, na kila raundi ya pili tunaongeza vitanzi 8, kimoja kila sehemu. Kutoka 8 hadi 112 ni vitanzi 104, ambavyo ni raundi 13 za kuongeza. Pamoja na raundi za kawaida katikati yake ni raundi 26, sawa na karibu sentimita 8.7. Kofia nzima nataka iwe na urefu wa sentimita 20 hivi, kwa hiyo zilizobaki, kama sentimita 11, ni za kushuka wima pamoja na ukingo.

Saizi nyingine zinajitokeza zenyewe. Punguza 8 unapata 104, ambayo ni karibu sentimita 47. Punguza tena 8 unapata 96, karibu sentimita 44, ya mtoto. Ongeza 8 kwenye 112 unapata 120, karibu sentimita 54.5, ya mwenye kichwa kikubwa au nywele za rasta. Raundi za kuongeza zinakuwa 11, 12, 13 na 14. Kwenye paterni tunaandika hivi: 96 (104, 112, 120). Mpangilio huo usiubadilishe hata mara moja, kwa sababu mnunuzi wa saizi ya tatu atakuwa akitafuta namba ya tatu kila mahali.

Pambo nalo liingie kwenye hesabu hiyo. Pambo langu ni la vitanzi 8, kwa hiyo linajirudia bila kukatika katika saizi zote nne. Ningechagua pambo la vitanzi 12, ningelazimika kwenda na 96, 108 na 120, na pengo kati ya saizi lingekuwa karibu sentimita 5.5, ambalo ni kubwa kwa kofia. Wengi huchora pambo zuri kwanza, halafu wanapigana na saizi hadi mwisho. Mimi naona afadhali vifanywe pamoja. Na ukifuma rangi mbili kwenye raundi moja, uzi unaopita nyuma usiruke vitanzi zaidi ya vitano, la sivyo vidole vya mvaaji vitanasa. Rangi mbili pia hukaza kazi, kwa hiyo pambo lipimwe kwa kipande chake.

Nafuma mfano sasa. Nitaipeleka mbio sehemu hii. Lakini kabla sijaanza, napima uzi kwenye mizani ya jikoni, na nikimaliza napima tena. Kofia hii imekula gramu 68. Lebo inasema gramu 50 ni mita 125, kwa hiyo nimetumia mita 170. Naongeza asilimia 10 kwa usalama, naandika mita 190. Mita ndizo muhimu. Uzi wa akriliki unaoupata kwenye maduka ya Biashara Street huenda mtu wa Norway hataupata, naye atatumia sufu. Mpe unene wa uzi na mita, atajitafutia.

Hapa pana mtego ambao sisi wa Kenya tunauingia kirahisi: namba za sindano. Sindano nyingi zinazouzwa hapa zina namba za zamani za Uingereza. Namba 8 ya kwetu ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Ukiandika "sindano namba 8" tu, nusu ya wanunuzi wako watafuma kofia nyingine kabisa. Andika milimita, daima.

Hatua ya nne, kuandika. Weka kwanza orodha ya vifaa, kipimo, saizi na vipimo vya kofia iliyokamilika, kisha maelezo ya ufupisho, halafu kazi yenyewe. Sentensi moja, tendo moja. Mwisho wa kila raundi inayobadilisha idadi, andika vitanzi vilivyopo kwa kila saizi; hapo ndipo mfumaji aliyepotea hujikuta. Sema pia ni njia gani ya kuongeza. Hapa tunainua uzi ulio kati ya vitanzi viwili, tunaufuma kwa nyuma ili usiache tundu. "Ongeza kitanzi" peke yake haitoshi. Pambo lichore kwenye miraba. Programu ya majedwali kama Excel inatosha. Kumbusha kwamba kwa mzunguko, mchoro husomwa kutoka kulia kwenda kushoto kila raundi. Kwa kuwa kofia yetu inaanzia juu, mchoro ugeuze ili mstari wa chini uwe ule unaofumwa kwanza.

Lugha? Kwa soko la nje andika Kiingereza. Kwa soko la hapa andika Kiswahili pia. Mama aliyefuma sweta za watoto maisha yake yote anastahili paterni anayoielewa bila kumwita mjukuu.

Hatua ya tano, watu wengine waifume. Tafuta wafumaji wa majaribio, angalau wawili kwa kila saizi, na miongoni mwao awepo anayejifunza. Waulize kipimo walichopata, mita walizotumia, na mahali waliposimama kufikiri. Kila waliposimama, sentensi yako ni mbovu, hata kama namba ni sahihi. Desturi ni kuwapa paterni bure. Mimi nasema wape na uzi, maana uzi ni pesa. Baada yao, kama unaweza, mlipe mhariri wa paterni akague hesabu zote.

Mtauliza kuhusu sweta. Njia ni hii hii, ila saizi ndizo ngumu. Usizidishe kila kitu kwa asilimia ile ile. Kifua kikiongezeka sana, mabega huongezeka kidogo tu, na mkono wa juu huongezeka kuliko kiganja. Craft Yarn Council ya Marekani ina majedwali ya vipimo vya mwili mtandaoni, bila malipo. Anzia hapo.

Picha: mwanga wa asubuhi, barazani, bila flashi. Onyesha mbele, nyuma, utosi na kofia ikiwa imelazwa. Picha iwe yako.

Sasa kuuza. Kwa wanunuzi wa nje, Ravelry, tovuti ya wafumaji iliyoanza mwaka 2007, inakuruhusu kuweka faili ya PDF, nao hulipa kwa PayPal. Kutoka PayPal unaweza kuhamishia M-Pesa. Kwa wa hapa nyumbani, till ya M-Pesa na faili kwa WhatsApp inatosha kuanzia. Bei usiibane kwa woga: kofia mara nyingi huuzwa karibu dola 5 au 6, na paterni iliyopimwa vizuri ina haki ya bei hiyo hata ikiwa imetoka Nairobi.

Kuhusu haki zako: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, maandishi, michoro na picha zako zinalindwa tangu unapoziandika, na unaweza kuzisajili na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kinacholindwa ni ulivyoeleza na ulivyochora. Mbinu ya kuanzia kofia utosini ni ya kila mtu, nami siwezi kumzuia yeyote.

Ukishaweka sokoni, weka tarehe ya toleo chini ya ukurasa wa kwanza. Mnunuzi akikuandikia kwamba raundi ya 18 haimtoki, chukua sindano, ifume raundi hiyo kwa saizi yake. Kama ni kosa, sahihisha siku hiyo, badilisha tarehe, uwatumie waliokwisha kununua toleo jipya bila malipo.