Neno "more" na ndugu yake aliyemezwa

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya neno moja tu la Kiingereza, na rafiki yangu mmoja alipolisikia akaniuliza kama kweli nitapata la kusema kwa dakika ishirini. Neno lenyewe ni "more". Mtaamua wenyewe.

Mwaka 2008 maduka ya Tesco kule Uingereza yalibadilisha mabango ya kaunta za kulipia zilizotengwa kwa wateja wenye vitu vichache. Bango la zamani lilisema "10 items or less". Watu walikuwa wamelalamika: vitu vinahesabika bwana, semeni "fewer", hiyo "less" ni ya maji, ya sukari, ya subira. Mwishowe ikaandikwa "Up to 10 items", yaani hadi vitu 10, na hapo hakuna wa kugombana naye.

Sasa mimi kilichonishangaza ni swali ambalo hao walalamikaji hawakuliuliza. Kama kupungua kuna maneno mawili, la vinavyohesabika na la visivyohesabika, mbona kuongezeka kuna neno moja? "More water", "more people". Maji na watu wamewekwa kapu moja na hakuna anayepiga kelele.

Tusiwacheke. Sisi wenyewe tunasema watu wengi, maji mengi, nyumba nyingi, kila nomino na kiambishi chake. Lakini tukifika kwenye "zaidi", watu zaidi, maji zaidi, nyumba zaidi, neno limesimama kama nguzo ya umeme, halimwinamii mtu. Tena tumelipata kwa Waarabu, ni ukoo mmoja na "kuzidi". Tofauti ni kwamba Waingereza hawakuazima la kwao. Walizaliwa nalo, na walizaliwa nayo mawili.

Turudi nyuma miaka elfu na zaidi, kwenye Kiingereza cha Kale. Kulikuwa na "mā" na kulikuwa na "māra". Yanafanana kwa sababu ni ndugu, ila kila mmoja alikuwa na kazi yake. "Māra" ilikuwa sifa, na maana yake hasa ilikuwa kubwa zaidi. Haikuhusu idadi, ilihusu ukubwa na ukuu. Wasomaji wa Biblia mnakumbuka Mathayo 11:11, pale Yesu anaposema hakuna aliye mkuu kuliko Yohana Mbatizaji. Katika Injili za Kiingereza cha Kale neno lililosimama mahali pa "mkuu kuliko" ni hilo hilo: "mara Iohanne". Ukimsomea Mwingereza wa leo atadhani Yohana alikuwa wengi.

"Mā" ndiyo iliyokuwa ya idadi. Na ilikuwa na tabia moja ambayo naomba mwishike, nitaihitaji mwishoni: nomino iliyoifuata ilivaa umbo la umilikishi. Hawakusema "maneno zaidi". Walisema kama tunavyoweza kusema "ziada ya maneno": "mā worda". Ile "-a" ya mwisho ndiyo "ya" yetu.

Hiyo "r" ya "māra" nayo ina historia. Wagothi, jamaa wa mbali wa Waingereza kwa lugha, walikuwa na Biblia iliyotafsiriwa na Wulfila katika karne ya 4, na nakala yake mashuhuri iko Uppsala, Sweden. Humo neno ni "maiza", kwa "z". Katika lugha za kina Mwingereza na Mjerumani ile "z" iligeuka "r", ndiyo maana Mjerumani ana "mehr" na Mholanzi ana "meer". Mkiona ajabu, tazameni "was" na "were": kitenzi kimoja, sauti ile ile iliyogeuka upande mmoja ikabaki upande wa pili. Nasi tuna mambo yetu ya namna hiyo, tunapenda halafu tunapata mapenzi, na hakuna anayeuliza "d" imekwenda wapi.

Baadaye irabu nayo ikahama. "Ā" ndefu ya kusini ikawa "o": "stān" ikawa "stone", "hām" ikawa "home", na "māra" na "mā" zikawa "more" na "mo". Huko Uskochi hawakufuata. Wao wana "stane", "hame", na "mair". Tena katika Kiskoti kuna "mair" ya kiasi cha kitu na "mae" ya idadi. Ndugu wote wawili wako hai huko. Kwa hiyo tunaposema "mo" ilikufa tunasema habari za kusini.

Kusini ilikufaje? Polepole. "More" ilianza na ukubwa, ikasogea kwenye kiasi, kisha ikaingia shamba la jirani na kuanza kuhesabu. Maana ya zamani haikuondoka siku moja. Katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, Shakespeare anasema "the more and less" walikuja kofia mkononi na magoti chini. Hao ni wakubwa na wadogo, mabwana na makabwela. Na katika Much Ado About Nothing kuna wimbo unaowaambia wanawake waache kusikitikia wanaume:

"Sing no more ditties, sing no moe."

Mnaona? Hiyo "moe" ndiyo "mo" yetu. Yote mawili katika mstari mmoja. Wahariri wa siku hizi mara nyingi wakikutana na "moe" katika tamthilia zake huibadilisha kimya kimya kuwa "more", lakini hapa mikono yao imefungwa, kwa sababu mstari unaopokezana nao unaishia na "so". Ukiweka "more" kina kinavunjika. Malenga yeyote wa Lamu angewaambia hivyo bila kujua neno la Kiingereza. Biblia ya King James ya 1611 nayo ilikuwa na "moe", na matoleo ya baadaye yakaifuta. Haikuwa na kina cha kuiokoa.

Wakati huo huo "more" ilikuwa imepata kibarua kingine: kulinganisha sifa. Zamani Mwingereza alitosheka na kiambishi tamati, kama "-er" ya leo. Kuanzia Kiingereza cha Kati, kile kilichofuata Kiingereza cha Kale, akaanza kusema pia "more" na sifa yake. Wapo wataalamu wanaosema ni mwigo wa "plus" ya Kifaransa, wapo wanaosema ni mmea wa pale pale. Watu hawakuona shida kutumia vyote kwa pamoja. Katika The Tempest kuna "more better". Katika Julius Caesar, tamthilia aliyotutafsiria Mwalimu Nyerere, Antonio anaonyesha tundu la kisu cha Bruto na kuliita "the most unkindest cut of all". Ukubwa umetiwa mara mbili, na masikio ya wakati ule yaliona ni mkazo tu. Robert Lowth, mtu wa kanisa aliyekuja kuwa askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1762 na kuiita namna hiyo kosa. Watoto wa shule wanachapwa kalamu nyekundu mpaka leo.

Miaka minane baadaye, 1770, akaja Robert Baker. Huyu aliandika kwamba mbele ya vitu vinavyohesabika yeye aliona "fewer" inafaa kuliko "less". Alisema kwa upole, kama maoni yake. Walimu wakaifanya sheria, na sheria ikafika hadi kaunta ya supamaketi. Kufikia wakati wa Baker, "mo" ilikuwa imeshatoweka katika Kiingereza cha kawaida. Mgawanyo ule ule aliotaka kuujenga upande wa kupungua ulikuwa umebomoka upande wa kuongezeka, na sijaona dalili kwamba uliwasumbua watu.

Sasa ile "ya" niliyowaomba mwishike. Mfalme Alfred wa Uingereza ya kale, aliyefariki mwaka 899, anahusishwa na tafsiri ya Kiingereza cha Kale ya kitabu cha Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, na humo kuna maneno haya: "swa mid læs worda swa mid ma". Iwe kwa maneno machache, iwe kwa mengi. "Læs" ndiyo "less", na imekaa na maneno, kitu kinachohesabika. Kwao haikuwa kosa, maana "læs worda" ilikuwa "upungufu wa maneno". Kiambishi cha umilikishi kilipolika, "wa" ikaanguka, ikabaki "less words", na karne nyingi baadaye watu wakaikuta imekaa hivyo wakadhani ni uvivu wa wenye maduka.

Na upande wa pili wa sentensi hiyo hiyo mwandishi ameweka "ma", bila "r". Ya idadi.

Maikrofoni iko huku mbele, mwenye swali asogee.