Upande wa Bondeni: Mazungumzo juu ya Daftari la Msomaji

Assalaamu alaykum. Walimu wenzangu, wanafunzi, na wazee wetu mliopanda gari kutoka Wete na Mkoani asubuhi hii kuja hapa Chake, ahsanteni sana. Nimetakiwa nizungumzie namna mtu anavyochagua vitabu vya kusoma na namna anavyoweka kumbukumbu ya alivyosoma. Naomba ruhusa nianzie shambani kwa babu yangu, kwa sababu jambo hili nilionyeshwa huko miaka mingi kabla sijalielewa.

Babu alikuwa na mikarafuu iliyoanzia kilimani ikateremka mpaka bondeni. Msimu ukifika, jioni wachumaji hurudi na mapakacha yao, karafuu zikachambuliwa makonyo, zikapimwa kwa pishi, na babu amekaa barazani na daftari lake. Akiandika kwa herufi za Kiarabu, lakini Kiswahili chetu hiki hiki. Wenye mashamba wengi waliandika jina la mchumaji na pishi zake, basi, maana hiyo ndiyo hesabu ya malipo. Babu alikuwa akiongeza kitu cha tatu: karafuu zimetoka upande gani. Kilimani, njiani, kisimani, bondeni. Nilimuuliza, "Babu, hilo la tatu la nini?" Akanifunulia kurasa za wiki nzima, akaniambia nimtafutie neno "bondeni". Nikatafuta na kidole, mstari kwa mstari. Halikuwamo. Pishi zilikuwa nyingi kila siku, watu wamechoka na wameridhika, na huku mikarafuu ya bondeni, ambayo ni mirefu na njia yake ni mbovu, inafunguka maua juu ya mti. Na nyote hapa mnajua, karafuu ikishafunguka ua thamani yake imekwenda. Kesho yake asubuhi alipeleka watu bondeni.

Mimi nilisoma miaka mingi bila ya hilo la tatu. Nilianza usichana wangu na riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, mwandishi wetu wa Unguja. Ya kwanza kuishika ilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyopata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Bwana Msa, mpelelezi wake, na kiko chake alinikalisha macho usiku, taa ya chemni ikaisha mafuta. Toka hapo nikawa mtu wa riwaya. Nilipoanza kazi ya ualimu nilinunua daftari, nikawa naandika jina la kitabu na tarehe niliyokimaliza. Nilijiona msomaji hasa, na watu waliniita msomaji.

Siku moja mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, kijana mkimya, alinisimamisha mlangoni mwa darasa akaniambia, "Mwalimu, nitajie kitabu kizuri ambacho si hadithi." Nilisimama pale na chaki mkononi na sikuwa na jina hata moja la kumpa. Nilimwambia nitamletea kesho. Usiku ule nilitoa daftari nikaandika pembeni mwa kila jina ni kitabu cha aina gani. Vitabu arubaini. Riwaya thelathini na sita, diwani tatu za mashairi ambazo nilizisoma kwa sababu ya kuzifundisha, na kimoja cha dini. Nilikuwa nachuma kilimani tu, na bondeni kwangu kulikuwa kukubwa kuliko shamba lenyewe.

Basi hili ndilo ninalotaka kuwaambia leo. Idadi ya vitabu haikwambii kitu mpaka uandike kimetoka upande gani. Na ukishaanza kuandika upande, daftari lenyewe ndilo litakalokuchagulia kitabu kinachofuata.

Watu huniuliza, upande nitaujuaje? Tanzu zenyewe zinaingiliana. Iko riwaya ambayo ni historia, iko tawasifu inayosomeka kama riwaya. Mimi natumia njia nyepesi niliyoipata maktabani. Ukikitazama kitabu cha maktaba mgongoni utakuta namba. Ni mfumo wa Dewey, uliotolewa Marekani mwaka 1876, unaogawa elimu zote mafungu kumi. Mia mbili ni dini. Mia tano ni sayansi. Mia nane ni fasihi, na mia tisa ni historia, jiografia na safari. Naandika tarakimu ya kwanza peke yake. Mwisho wa mwaka natazama tarakimu zipi hazikutokea hata mara moja. Ndani ya nane naongeza herufi moja: R ya riwaya, H ya hadithi fupi, T ya tamthilia, U ya ushairi. Haya yote hayachukui hata dakika moja. Kitabu kisichokuwa na namba, cha kuazima kwa jirani au cha kwenye simu, nakipa namba mwenyewe kwa akili yangu, na kama nimekosea hapana anayeniuliza.

Lakini nilipoanza kwenda bondeni niligundua jambo jengine, na hapa nataka nikae kidogo. Kila utanzu unataka kuandikwa kwa namna yake. Safu ya "nimemaliza tarehe fulani" imetengenezwa kwa ajili ya riwaya. Nilipoipeleka kwenye ushairi ilinitia hasara.

Niliazima diwani ya *Kimbunga* ya Haji Gora Haji, mshairi aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933. Kitabu kilichapishwa 1994, chembamba. Nikakisoma kwa jioni mbili, ukurasa baada ya ukurasa, nikaandika "kimekwisha". Wiki ile ile nikakutana na mzee mmoja kwenye arusi, tukazungumza mashairi, akaniuliza katika kitabu kile nimeshika ubeti gani. Sikuwa nimeshika hata mshororo. Mzee hakunicheka, alinyamaza tu, na kimya kile nakikumbuka hadi leo.

Nilirudi kwenye kitabu na safari hii nikasoma kwa sauti, jikoni, nikisubiri mchele uive. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne, kila mshororo mizani, yaani silabi, kumi na sita, nane huku na nane huku, na vina vya kati na vya mwisho. Ukilisoma kimoyomoyo kwa mbio za riwaya, vina vinapita kama hukuvisikia, na mshairi amevifanyia kazi usiku mzima. Kwa hiyo sasa katika daftari langu ushairi hauna tarehe ya kumaliza. Nikisoma shairi naweka kijistari, nikilirudia naweka chengine. Ubeti nilioushika moyoni nauandika wote. Iko diwani moja imo katika daftari langu tangu mwaka juzi na bado naiwekea vijistari.

Tamthilia ni hivyo hivyo, ina lake. Nimeacha kuisoma peke yangu. Tunakaa watu wanne watano, kila mtu anapewa sauti yake, na katika daftari naandika nani alisoma nafasi ya nani.

Historia na tawasifu nazo ninaziwekea miaka miwili: mwaka wa mambo yenyewe, na mwaka wa kuandikwa. Nilijifunza hili kwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar. Alizaliwa kasri ya Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866, na kumbukumbu zake zikatoka kwa Kijerumani mwaka 1886 akiwa mjane kule Ujerumani, jina lake Emily Ruete. Ukijua kuwa miaka ishirini imepita kati ya kuondoka na kuchapisha, unasoma bustani za Mtoni kwa jicho jengine. Unajua ni mtu aliye mbali anakumbuka kwao, na baridi iko nje ya dirisha lake. Sisemi kuwa ni uongo. Nasema masafa yale yamo ndani ya maneno, na msomaji anayeyapima anapata kitabu kizima.

Safu hiyo ya miaka miwili ilinisaidia hata kwenye riwaya. *Kuli* ya Shafi Adam Shafi ilitoka 1979, na mgomo wa wachukuzi bandarini inaousimulia ni wa 1948. Miaka thelathini na moja. Nilipoiona pengo hiyo kwenye karatasi nikataka kujua zaidi: mgomo wenyewe ulikwendaje, wanahistoria wanasemaje, wazee wanakumbuka nini. Nikaingia fungu la tisa bila ya kujilazimisha, riwaya ndiyo iliyonishika mkono. Hii nawashauri walimu waijaribu na wanafunzi. Usimwambie mtoto "leo soma historia, kesho soma ushairi", kama vidonge vya hospitali. Mpe jambo moja alipendalo, bahari, au bandari, au muziki wa taarabu, kisha mwache alifuate katika kila utanzu linakopita. Kwenye riwaya atawaona watu, historia itampa sababu na miaka, na shairi atakuwa nalo mdomoni njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nina safu ya lugha pia. Nitasema kwa nini. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa *Paradise* mwaka 1994. Tulipata kuisoma kwa Kiswahili mwaka 2022, ilipotoka *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobeli. Miaka ishirini na minane kitabu kinachozungumzia mwambao wetu kilikuwa kinasomeka na wale tu wanaoweza Kiingereza. Mimi nilikuwa nimekisoma mwanzo kwa Kiingereza na kamusi mapajani. Nilipokisoma kwa Kiswahili, kijana Yusuf anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, nilihisi kama anapita uchochoroni kwetu. Katika daftari vipo viwili, kila kimoja na mstari wake, kwa sababu kwangu vilikuwa visomo viwili.

Sasa, kitabu ukikichoka? Suala hili huulizwa kila nikizungumza. Yuko mkutubi wa Seattle, Marekani, anaitwa Nancy Pearl, yeye ana kanuni: soma kurasa hamsini, kikikushinda kiwache. Na ukishapita umri wa miaka hamsini, toa umri wako katika mia, kinachobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Mimi nina miaka sitini na tatu, nadaiwa kurasa thelathini na saba. Naipenda kanuni hii kwa riwaya, na imenipumzisha na vitabu vingi vilivyokuwa vimenikalia kifuani. Lakini sikubaliani nayo kwa kila upande. Sisi tumelelewa chuoni, na katika lugha yetu ya zamani chuo ni kitabu. Mtu alikwenda kwa sheikh na kitabu kimoja akakisoma mbele yake, neno baada ya neno, mpaka akakihitimu, hata kama ni miaka. Hapana aliyehesabu kurasa thelathini na saba. Vitabu vya elimu nzito vinataka subira ile, na vinataka mtu wa kukaa naye. Kwa hiyo kitabu cha namna hiyo kikinishinda siandiki "nimeacha", naandika "natafuta mwalimu". Viwili nilivipatia mwalimu wake, kimoja bado nakitafutia.

Vijana wengi mna simu, na najua ziko programu za kuhifadhi mlivyosoma. Goodreads iko tangu 2007, inakuruhusu ujiwekee idadi ya vitabu vya mwaka mzima. Itumieni, si vibaya. Ninachokiogopa ni ile idadi. Nimeona vijana wakifika Novemba wanatafuta vitabu vyembamba ili watimize. Huko ni kuhesabu pishi bila ya kutazama mti.

Na jambo dogo la mwisho kabla sijamaliza: andikeni mmeazima kwa nani. Hapa Pemba vitabu vingi tunavipata mkono kwa mkono. Mimi nilipoteza kitabu cha rafiki yangu kwa sababu sikuandika, nikadhani ni changu, nikampa mtu mwengine, kikaenda zake bara. Urafiki ulirudi, kitabu hakikurudi.

Nimekuja na daftari langu la mwaka huu, hili hapa. Fungu la tano, sayansi, lina mstari mmoja tu mpaka leo. Ni kitabu cha mikoko, nimekiazima, na nimo ukurasa wa 22 kwa wiki ya tatu sasa. Nilisimama pale panapoeleza kuwa mchu, mmoja katika mikoko hiyo, hutoa vijizizi vinavyochomoza juu ya tope kama penseli, kwa ajili ya kuvuta hewa, kwa vile tope la pwani halina hewa ya kutosha. Nimezaliwa karibu na mchu. Vijizizi vile vimenichoma nyayo tangu utotoni, tulipokwenda kuokota chaza, na sikuwahi kuuliza ni vya nini. Ijumaa iliyopita, maji yalipokupwa, nilikwenda na kitabu. Nikainama nikakishika kimoja kwa vidole, kigumu, kina vitundu vidogo vidogo. Mbele ya mstari ule nimeandika: "Uk. 22. Nimekwenda kukitazama. Bado."

Daftari naliacha hapa mezani, anayetaka kulipitia aje alipitie. Kijana pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja ushairi. Karibu, mwanangu, sema.